Kuchora majira ya Lubumbashi darasani: maswali ambayo walimu wanauliza mara kwa mara

Ninafundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi, na mara nyingi nimeitwa kushika darasa la mwenzangu mgonjwa saa ya kuchora. Maswali yafuatayo nimeyasikia mlangoni mwa darasa, kwenye rekreasyo, na kwa walimu vijana wanaokuja kufanya mazoezi kwetu. Nimeyajibu jinsi ninavyomjibu mwenzangu uso kwa uso.

Direkta ameniambia nishike darasa la mwenzangu, ratiba inasema kuchora, na mimi sijui kuchora. Nifanye nini sasa hivi?

Toka uani kabla ya kengele. Okota kitu kimoja kilichojaa chini msimu huu: majani makavu, maua yaliyoanguka, maganda ya mbegu, vijiti. Chukua vya kutosha, kila mtoto apate chake, au angalau kila benchi ipate kimoja. Ingia, gawa, na uwaambie waweke kreyo (penseli) chini. Wakiangalie kitu chao huku wewe unahesabu polepole hadi mia. Halafu waulize: wapi pana? Wapi pembamba? Mshipa mkubwa unaanzia wapi na unaishia wapi? Kuna tundu? Mdudu amekula upande gani? Baada ya hapo tu ndipo wachore, na mchoro ujaze ukurasa wote wa kaye (daftari) kutoka ukingo hadi ukingo.

Hilo la kujaza ukurasa lisisitize sana. Mtoto akiachwa, atachora jani dogo kama stempu katikati ya karatasi, atamaliza kwa dakika mbili, na wewe utabaki na saa nzima ya kelele.

Jambo moja usilifanye: usichore mfano kwenye tablo. Mwaka mmoja nilichora jani la mwembe tabloni, zuri kabisa, nikajivunia. Mwisho wa somo nilikusanya majani zaidi ya hamsini yanayofanana na langu. Kila mtoto alikuwa na jani lake mkononi, lingine limepinda, lingine limechanika, na hakuna aliyeliangalia. Tangu siku hiyo chaki yangu naiacha mfukoni. Kwa hiyo kutojua kuchora si kizuizi kwako, kwa sababu kazi yako hapa ni kuuliza maswali.

Kwa nini majira? Si bora kuwapa mada wanayoipenda, kama mpira au gari?

Mpira wachore, hakuna ubaya. Lakini mpira wanauchora kwa kukumbuka, na kila mwezi mchoro ni uleule. Jani la leo halikuwepo mwezi uliopita. Mtoto analazimika kutazama, na kutazama ndiko kunakofundishwa katika somo hili.

Pia, vitabu vingi vinavyotufikia vina majira manne ya Ulaya, au vinazungumza kuhusu masika na vuli kana kwamba mvua inakuja mara mbili kwa mwaka. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wana mvua zao kwa mpangilio wao. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa Oktoba hivi hadi Aprili, kisha ukame, wenye baridi katikati na joto kali mwishoni. Mwaka wa shule unaanza Septemba, joto na vumbi vikiwa vimepamba moto, unavuka mvua yote, na unaisha mwanzo wa Julai watoto wakiwa wamevaa sweta mbilimbili. Mwalimu anayefuata kalenda hiyo hatakosa mada hata wiki moja.

Septemba na Oktoba tuchore nini? Nje kila kitu kimekauka.

Ndiyo miezi ninayoipenda kuliko yote. Jakaranda zinachanua, na zinatoa maua kabla ya majani, kwa hiyo mti mzima unakuwa wa zambarau juu ya matawi meusi matupu. Mti huu asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini hapa kwetu mtoto anayekaa karibu na barabara ya zamani ya mji anaujua kama anavyojua jiko la mama yake.

Usiwaambie wachore mti wa jakaranda. Watachora fimbo yenye wingu juu. Waambie wachore ardhi iliyo chini yake. Maua yanaanguka na kutandaza duara, mazito karibu na shina, machache kadiri unavyosogea mbali. Mtoto anaanza katikati kwa nukta zilizobanana, anaendelea kuelekea pembeni huku nukta zikiachana. Hata mwenye biki moja ya bluu anaweza. Ua moja moja nalo lina kazi yake: lina umbo la tarumbeta iliyopinda kidogo, na watoto wakubwa wanaweza kulichora ubavuni, kisha mdomoni, kisha kwa nyuma, mara tatu kwenye ukurasa mmoja.

Kama shule yako iko pembeni ya mji, angalia miti ya miombo. Inatoa majani mapya kabla mvua haijanyesha, na majani hayo ni mekundu, mengine rangi ya shaba. Na jua la saa kumi na moja jioni, kwa moshi wa pori linalochomwa, linakuwa duara jekundu unaloweza kulitazama bila kufumba macho kabisa. Hilo nawapa wachore nyumbani kwa kukumbuka, lakini ninawakataza kukodolea jua macho.

Mvua ya kwanza ikinyesha, kuna mchoro gani rahisi?

Makala, yaani makaa. Chukua karatasi, uipake makala yote mpaka iwe nyeusi, sambaza kwa kiganja. Sasa mtoto anachora kwa kufuta: anafunga kitambaa kikavu kwenye kidole au anatumia gome (raba ya kufutia), anavuta mistari ya mvua kutoka juu kwenda chini, anafungua mwanga wa dirisha, anafungua paa la bati. Wale waliokata tamaa ya kuchora ndio wanaofurahi zaidi, kwa sababu hakuna mstari wa kukosea.

Siku hizo pia kumbikumbi wanatoka. Asubuhi mabawa yamejaa chini ya taa na kwenye vizingiti. Lete kiganja kimoja cha mabawa darasani, lakini funga madirisha kwanza, maana upepo mdogo tu unayapeleka yote. Nakumbuka binti mmoja wa mwaka wa nne ambaye alikuwa amechora kumbikumbi kama kipepeo, mabawa makubwa mbele na madogo nyuma. Nikampa mabawa manne, nikamwambia ayapange mezani. Aliyapanga, akayapima kwa kidole, akayapanga tena. Kisha akasema, “Mwalimu, yote yako sawasawa.” Ndivyo yalivyo: kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu unaolingana. Alifuta mchoro wake bila kuambiwa.

Desemba wanafunzi wanataka kuchora Noeli yenye theluji. Niwakatalie?

Usiwakatalie, waulize. Nani ameona theluji? Nani ameona embe? Mwezi wa Desemba mji wote unanuka embe, mvua inanyesha mchana, mahindi yanakua nyuma ya nyumba, miti ya flambwayan ni myekundu kwa maua. Mtoto anayechora sapini (mti wa Noeli) yenye theluji ananakili kadi ya dukani. Mimi ninawaambia: chora mezani kwenu siku ya Noeli, weka kila kitu kinachokuwepo. Napata bukari (ugali), kuku, chupa, embe, shangazi aliyetoka Likasi, mbabula (jiko la makaa) uani, mvua mlangoni.

Embe ni somo zuri peke yake. Likatwe katikati, nusu ibaki nzima. Waoneshe pia majani ya mwembe: machanga ni mekundu-kahawia na yananing'inia kama yamechoka, makubwa ni ya kijani kibichi na magumu. Ukiyaweka kwenye mstari, kutoka changa hadi kuukuu, una zoezi la rangi lililo tayari. Kisha embe liliwe. Sijawahi kuona somo la kuchora lenye nidhamu kama lile ambalo mwisho wake kinaliwa kilichochorwa.

Na kuanzia Januari hadi Machi, mvua inapokuwa kubwa na hatuwezi kutoka nje?

Uyoga. Kwenye vichuguu vyetu huota uyoga ambao kitaalamu unaitwa Termitomyces titanicus, na kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Hakuna uyoga mwingine wa kuliwa unaojulikana kuwa mkubwa kuliko huo. Mchwa wenyewe ndio wanaoulima ndani ya kichuguu. Nunua mmoja mdogo kwa akina mama wanaouza kando ya barabara, usiwatume watoto kuokota porini, kwa maana uyoga wa sumu nao unaota miezi hiyohiyo.

Wachore sehemu ya chini, ile yenye vikunjo vyembamba vinavyotoka kwenye shina kama miale. Halafu fanyeni mkubwa: funga chaki kwenye kamba ya nusu mita, mtoto mmoja ashike mwisho wa kamba katikati ya sakafu, mwingine azungushe. Duara la mita moja linapotokea sakafuni, darasa zima linanyamaza. Wanakaa ndani yake wanne, watano. Kisha wanalijaza vikunjo kwa chaki, kila mmoja kipande chake.

Mei na Juni ni baridi na vumbi. Mitihani iko karibu, watoto hawatulii.

Usiku joto linaweza kushuka chini ya digrii 10, na asubuhi pumzi inaonekana mdomoni. Mwambie kila mtoto amchore jirani yake wa benchi kuanzia nje kuingia ndani: kofia, shali, sweta ya juu, kola ya shati inayochungulia. Nguo zinazopishana ni somo gumu la kuchora, lakini wao hawajui kwamba ni gumu.

Kuhusu mitihani: dakika kumi na tano za kuchora kivuli uani zinatuliza darasa kuliko kupiga kelele. Soma jibu linalofuata.

Mchoro wa kivuli unafanywaje?

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ni kitu ambacho mji wetu umejaliwa na walimu wengi hawakijui. Lubumbashi iko karibu digrii 11 na nusu kusini ya ikweta. Jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, katika wiki ya mwisho ya Oktoba hivi na tena katikati ya Februari. Maana yake kivuli cha mchana hakibadiliki urefu tu, kinabadilika upande.

Simamisha fimbo ya mita moja uani, wima kabisa, karibu saa sita na dakika kumi mchana. Mwisho wa Oktoba fimbo karibu haina kivuli. Mwisho wa Desemba, kabla au baada ya likizo, kivuli kina sentimita 20 hivi na kinaelekea kaskazini. Mwishoni mwa Juni kina sentimita 70, na kinaelekea kusini. Kila mara watoto wanachora mstari kwa chaki au kuchomeka kigingi, na kwenye kaye wanachora picha ileile ya ua: fimbo, kivuli, ukuta, mti, wao wenyewe wamesimama.

Mwaka wa kwanza nilipofanya hivi, mwezi wa Juni, mtoto mmoja alisisitiza kwamba kuna mtu aliyehamisha fimbo. Alienda kutazama shimo. Fimbo ilikuwa palepale. Akarudi akachora picha zote mbili upande kwa upande, na chini akaandika kwa herufi kubwa: FIMBO HAIJAHAMA.

Kwa wadogo wa maternelle (shule ya awali), acheni fimbo. Mmoja asimame, mwenzake afuate ukingo wa kivuli chake kwa chaki saa mbili asubuhi, kisha wasimame palepale tena kabla ya kurudi nyumbani.

Makala ya nyumbani yanachora vizuri?

Makala ya gunia, yale ya kupikia, ni ya miti migumu. Yanakwaruza karatasi na kuichana. Yanafaa kwa sakafu na kuta. Kwa karatasi, tengeneza ya vijiti. Kata vijiti vikavu vyenye unene wa kreyo, vipange vimebanana ndani ya kopo la maziwa ya unga, funga kifuniko, toboa tundu moja dogo. Weka kopo juu ya mbabula yenye moto mzuri. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukiisha kutoka, ondoa kopo na uliache lipoe bila kufungua. Ukifungua likiwa moto, hewa inaingia na vijiti vyote vinawaka kuwa majivu. Kopo moja linatosha darasa zima kwa wiki kadhaa.

Kuzuia mchoro usifutike, wekea karatasi nyingine juu yake na usiusugue.

Rangi tutapata wapi bila pesa?

Udongo wetu wenyewe. Chota udongo mwekundu, wa njano, wa kahawia kutoka sehemu mbalimbali, koroga na maji, acha mchanga uzame, kisha mimina yale maji mazito kwenye kitambaa. Kinachobaki juu ya kitambaa ndiyo rangi. Ili ishike karatasi, pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, kijiko kimoja kwa kikombe cha maji, uchanganye ukishapoa. Upike asubuhi ya somo. Kesho yake utakuwa umeanza kuchacha. Nyeupe ni pemba (udongo mweupe) ya sokoni, ila uliza kwanza, maana kuna wazazi ambao kwa sababu za dini hawapendi kuiona mikononi mwa watoto. Chaki iliyosagwa inafaa vilevile. Kijani sugua majani ya matembele moja kwa moja kwenye karatasi. Kitageuka kahawia baada ya siku chache, na hilo nalo waambie walitazame.

Kuna udongo usiofaa?

Ndiyo, na katika hili usifanye mzaha. Usichote udongo karibu na viwanda vya shaba, kwenye mabaki ya migodi, chini ya ule mlima mweusi wa mabaki wa Gécamines, kampuni ya madini, wala kando ya mito inayopokea maji ya viwanda. Una metali zinazodhuru watoto, na watoto huweka vidole mdomoni. Vilevile usisage jiwe la malakiti ili upate kijani, hata kama mzazi amekuletea kwa moyo mwema. Unga wake una shaba na hautakiwi kuvutwa puani. Liweke mezani lichorwe lilivyo. Miviringo yake ya kijani kizito na kijani chepesi inatosha kwa somo zima.

Darasa lina watoto sitini na hakuna karatasi.

Mifuko ya simenti ina karatasi safi ndani. Toa ile ya nje, kung'uta vumbi nje kabisa, mbali na watoto. Makatoni ya dukani. Sakafu. Uani kwenye vumbi kwa kijiti. Michoro inayofutika haipungui thamani. Mtoto aliyechora mara kumi vumbini amejifunza kuliko aliyehifadhi mmoja.

Kuna wachoraji wa hapa ninaoweza kuwaonesha?

Wapo, na inaniuma kwamba watoto wengi wa mji huu wanamaliza shule bila kusikia majina yao. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Hangar. Hakutaka vijana waliokuja kwake wanakili picha za Ulaya. Aliwataka wachore walichokiona na walichokibeba kichwani. Kila mmoja alipata mkono wake. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka, akajaza nafasi kwa nukta na majani madogo yasiyohesabika. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vinavyofuatana kama uzi wa kitambaa. Bela, mtu wa kabila la Sara kutoka upande wa Chad, alipaka kwa ncha za vidole.

Una hapo masomo matatu. Chukua samaki mmoja wa sokoni. Kundi la kwanza limjaze kwa nukta, la pili kwa vistari, la tatu kwa vidole vilivyochovywa kwenye rangi ya udongo. Bandika ukutani wote pamoja.

Mtoto anasema “mimi siwezi” na anaanza kulia.

Mpe kazi ya nusu. Kunja jani katikati, gundisha nusu moja kwenye karatasi yake, aendeleze nusu iliyobaki. Au mwambie afunge macho, aguse kitu, achore alichokigusa. Usishike kreyo yake. Ukimchorea mara moja, atasubiri umchoree mwaka mzima.

Natoa alama vipi?

Mimi naangalia kama ametazama: je, tundu la mdudu lipo kwenye mchoro? Uzuri siupi alama.

Ninashika darasa siku moja tu. Nimwachie mwenye darasa nini?

Michoro yote, hata ile iliyochanika, ikiwa na jina na tarehe nyuma. Andika pia kipande cha karatasi: leo tulichora nini, udongo uliobaki uko kopo lipi, nani alilia, nani alikuwa amekaa kimya miezi yote na leo akasema neno. Na kama mlichomeka kigingi cha kivuli uani, mwambie sentineli (mlinzi) wa shule asiking'oe.